Mita Haihesabu Tope: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Upimaji wa Maji Yaliyotibuka na Mashapo

Msimu wa masika, mkazi wa Nairobi akifungua mfereji na kukuta maji yamebadilika rangi, husema papo hapo kwamba maji yana tope, na akisikia kwamba kwenye mitambo ya kusafishia maji kuna mita ya kupima hali hiyo, huamini kwamba mita hiyo imelihesabu tope lenyewe. Kosa hilo dogo huzaa makosa mengine, na si kwa mkazi wa kawaida peke yake.

Dhana: Mita husoma kiasi cha tope kilichomo majini.

Mita ya maabara hupitisha mwanga katika kichupa cha kioo chenye sampuli ya maji, kisha hupima mwanga uliotawanywa na chembechembe na kutokea ubavuni, kwa pembe ya nyuzi 90. Jibu hutolewa kwa kipimo cha NTU, ambacho ni kipimo cha mwanga uliotawanyika, wala si cha uzito. Udongo laini wa mfinyanzi hutawanya mwanga mwingi kuliko mchanga wa uzito uleule, kwa hiyo mito miwili yaweza kusomeka NTU 200 kila mmoja, ilhali mmoja umebeba tope maradufu ya mwenzake. Anayetaka kujua miligramu kwa lita hana budi kuchota maji, kuyachuja kwa karatasi iliyokwisha kupimwa uzito, kuikausha karatasi hiyo katika joto la nyuzi 103 hadi 105 za sentigredi, na kuipima upya. Akirudia kazi hiyo mara nyingi, mto ukiwa umetulia na ukiwa umefurika, atapata uhusiano kati ya usomaji wa mita na uzito wa tope la mto ule, na uhusiano huo hauhamishiki kiholela kwenda mto wa jirani. Ripoti inayogeuza NTU kuwa miligramu kwa kuazima namba ya mto mwingine, kwa maoni yangu, ni heri isingeandikwa. Tena hata hesabu iliyofanywa vizuri haigusi mchanga mzito unaojiburuta sakafuni mwa mto, kwa kuwa kihisi huona yale tu yanayoelea mbele yake.

Dhana: Maji yenye rangi yametibuka, na maji maangavu ni salama.

Jaribio la jikoni linatosha hapa. Jaza gilasi moja chai ya rangi iliyochujwa vizuri, na nyingine maji safi yaliyodondoshewa tone moja au mawili ya maziwa, kisha uzime taa na umulike kila gilasi kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja. Chai, ijapokuwa na rangi, haina mengi ya kuurudisha mwanga, na mwanga wenyewe hupita ukiwa umefifia. Gilasi ya maziwa hung'aa yote kama balbu, kwa sababu matone madogo ya mafuta na chembe za protini hutawanya mwanga kila upande. Rangi hutokana hasa na vitu vilivyoyeyuka, na kutibuka hutokana na vitu visivyoyeyuka. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha upimaji, ISO 7027, hutumia miali ya infraredi isiyoonekana kwa macho, ili rangi ya maji isivuruge usomaji.

Kuhusu usalama, visima vingi vilivyochimbwa Nairobi hutoa maji maangavu kabisa yenye floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha mwisho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto huingia madoa ya kahawia kwa maji ambayo hakuna mita ya mwanga ingeyalalamikia. Hata hivyo kutibuka si jambo la kupuuzwa, kwani vijidudu hujificha nyuma ya chembe na klorini isiwafikie vizuri. Kwa sababu hiyo shirika hilo hilo hushauri maji yawe chini ya NTU 1, inapowezekana, kabla ya kutiwa dawa.

Dhana: Kifaa cha bei ghali hujitegemea.

Alama ya kidole kwenye kichupa inatosha kupandisha namba, na vivyo hivyo mikwaruzo, mapovu ya hewa, au umande unaojikusanya kwenye kioo pale sampuli baridi inapoletwa kwenye chumba chenye joto. Kihisi kinachoachwa mtoni huota utando wa mwani, na ndiyo maana vingi hufungwa kifagio kidogo kama cha kioo cha gari. Kuna hila mbaya zaidi: tope likizidi mno, mwanga humezwa kabla ya kurudi, na baadhi ya vihisi huanza kuonyesha namba zinazoshuka wakati mafuriko yanapanda. Kwa upande mwingine, wapo wanaoidharau sahani ya Secchi, ile inayoteremshwa majini kwa kamba mpaka isionekane tena, iliyoanza kutumiwa na Angelo Secchi nchini Italia mwaka 1865, ingawa katika bwawa lililotulia bado inafaa sana. Mtoni haifai, mkondo huisukuma pembeni.

Dhana: Bwawa lililojaa lina maji yaleyale ya siku lilipofunguliwa.

Bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, lilijengwa liweze kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, na kijiti cha kupimia kina hueleza mahali uso wa maji ulipo tu. Mashapo, yaani tope na mchanga unaotua chini ya maji, huiba nafasi kutoka chini, na mara nyingi si ukutani kama wengi wanavyodhani, bali kwenye mlango wa mto, ambako mkondo hupoteza kasi na kuutua mzigo wake mzito kwanza. Aliyeliona Bwawa la Nairobi karibu na Kibera, ambako zamani mashua za tanga zilishindana na leo gugu maji limefunika tope, hahitaji kushawishiwa.

Mashapo hayo hupimwa kwa mwangwi. Mashua hupita juu ikituma sauti chini, na kina hupatikana kutokana na muda wa kwenda na kurudi. Sauti ya masafa ya juu, kama kilohezi 200, hurudishwa na uso wa tope laini. Ya masafa ya chini, kama kilohezi 30, hupenya hadi tabaka gumu zaidi, na tofauti ya vina hivyo viwili hukadiria unene wa tope. Lakini kasi ya sauti katika maji ya mtoni yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi 20, ni takriban mita 1,482 kwa sekunde. Fundi akiacha kifaa kwenye mita 1,500, kina cha mita 40 kitasomeka karibu mita 40.5, na nusu mita ya tope itafutika kwenye ramani bila mtu kugundua. Kwa hiyo kabla ya kazi kuanza, bamba la chuma huteremshwa chini ya mashua kwa mnyororo uliotiwa alama, mita mbili, nne, sita, na kifaa hurekebishwa mpaka kikubaliane na mnyororo.