Je, wajua kwa nini raga ya Uingereza ilikaa miaka 116 bila ligi?

Mshabiki wa Mwanza hahitaji kufundishwa maana ya kupanda na kushuka daraja. Pamba Jiji ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya kusota chini kwa zaidi ya miaka 20, na waliokuwa wakiifuata uwanjani Nyamagana miaka yote hiyo wanajua msimamo wa ligi unavyoweza kumnyima mtu usingizi. Kwao ligi yenye madaraja ni kitu cha kawaida, kama vile ilizaliwa siku moja na mpira wenyewe.

Kwenye raga mambo hayakwenda hivyo. Chama cha raga cha Uingereza, RFU, kiliundwa mwaka 1871. Ligi yake ya kwanza ya taifa ilianza 1987. Soka ya huko huko ilishakuwa na ligi tangu 1888, ikiwa na klabu 12. Hata ng'ambo ya ziwa, Kenya Cup, mashindano ya ubingwa wa klabu za Kenya, ilianza 1970, yaani waliofundishwa raga waliwatangulia walimu wao kwa miaka 17.

Jibu fupi ni kwamba wakubwa wa RFU waliogopa fedha. Waliamini kwamba ukiweka msimamo wa ligi, klabu zitataka kushinda kwa gharama yoyote. Zikitaka kushinda zitatafuta wachezaji bora. Na wachezaji bora hawaji bure. Raga yao ilikuwa ya ridhaa, na waliona ligi ndiyo mlango ambao malipo yangeingilia.

Woga huo ulikuwa na chanzo. Miaka ya 1890 raga ilikuwa na nguvu sana kaskazini mwa nchi, Yorkshire na Lancashire, kwa watu wa migodi ya makaa na viwanda vya nguo. Jumamosi kwao ilikuwa siku ya kazi, na mchezaji aliyesafiri kwenda mechi alikatwa mshahara. Klabu za kaskazini ziliomba zifidie mshahara huo uliopotea. Mwaka 1893 hoja ilipigiwa kura kwenye mkutano mkuu wa RFU ikaanguka, kura 282 dhidi ya 136. Tayari mwaka 1892 Yorkshire ilikuwa na ligi yake ya klabu kubwa, kwa hiyo machoni pa wakubwa wa RFU ligi na malipo vilikuwa pacha. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za kaskazini zikajitenga na kuunda Northern Union, zikaruhusu fidia ya hadi shilingi 6 kwa siku. Huko ndiko ulikotoka mchezo wa raga ya wachezaji 13, idadi iliyopitishwa mwaka 1906.

RFU haikusahau. Kwa karibu karne nzima iliyofuata klabu za Uingereza zilicheza zaidi mechi za kirafiki: katibu wa klabu hii anamwandikia katibu wa klabu ile, wanakubaliana Jumamosi, wanacheza, basi. Klabu kubwa zilichagua wapinzani wao, na klabu ndogo hata ingeshinda mechi 30 mfululizo haikuwa na ngazi ya kupandia. Hapo ndipo ubaya wa mfumo ule ulipokuwa, kuliko hata suala la malipo. Bila madaraja, klabu ya mji mdogo inabaki palepale ilipozaliwa.

Ufaransa haikuwa na woga huo. Fainali yake ya kwanza ya ubingwa ilichezwa mwaka 1892, na refa alikuwa Pierre de Coubertin, yule yule aliyefufua Michezo ya Olimpiki. Lakini mwaka 1931 vyama vya visiwa vya Uingereza vilivunja uhusiano na Ufaransa, na miongoni mwa malalamiko yao ni malipo ya siri na ukali wa mechi za ubingwa wa klabu. Walioogopa ligi wakapata mfano wa kuonyesha.

Ukuta ulibomoka polepole. RFU ilikubali kombe la mtoano la klabu katika msimu wa 1971/72. Uskoti ikaanzisha ligi rasmi mwaka 1973, na klabu ya Hawick ikachukua ubingwa misimu 5 ya kwanza. New Zealand ikawa na mashindano ya majimbo yenye madaraja mwaka 1976. Katikati ya mwaka 1987 likachezwa Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza ikatolewa robo fainali na Wales kwa 16–3, na miezi michache baadaye ligi ikaanza chini ya udhamini wa kampuni ya bia ya Courage. Klabu zaidi ya 1,000 ziliingizwa kwa mkupuo. Juu kulikuwa na madaraja 3 ya taifa, kila moja klabu 12. Chini yake ligi za kanda, kisha za wilaya zao.

Msimu wa kwanza ulikuwa na vituko ambavyo mtu wa soka angecheka. Kila timu ilikutana na nyingine mara moja tu, kwa hiyo ukibahatika kuwakaribisha wagumu nyumbani umeshavuna. Tarehe hazikupangwa na ligi. Klabu zenyewe zilitafuta Jumamosi inayofaa katikati ya mechi zao za kirafiki za zamani, na matokeo yake timu hazikumaliza na idadi sawa ya mechi. Aliyeshinda alipata pointi 4, sare 2, na aliyefungwa alipewa 1 kwa kufika na kucheza. Leicester ilitwaa ubingwa kwa pointi 37: mechi 9 za ushindi na 1 ya kufungwa. Daraja la pili Rosslyn Park ikawa bingwa na kupanda pamoja na Liverpool St Helens. Mzunguko wa nyumbani na ugenini ulikuja msimu wa 1993/94, daraja la kwanza lilipopunguzwa hadi timu 10 na mechi 18.

Miaka 8 tu baada ya ligi kuanza, Agosti 1995, raga ya wachezaji 15 iliruhusu malipo rasmi dunia nzima. Wazee wa RFU walikuwa wametabiri sawasawa. Ila kuizuia ligi hakukuzuia fedha, maana chini ya meza malipo yalikuwapo siku zote. Walichofanikiwa ni kuichelewesha ngazi.

Na ngazi hiyo hadi leo ina kipandio kimoja kilicholegea, nacho ni daraja la pili. Mwaka 2009 RFU ilivunja daraja la pili la timu 16 na kuweka Championship ya timu 12, ikitaka liwe la kulipwa. Msimu wa kwanza Bristol iliongoza msimamo, lakini kupanda kuliamuliwa kwa mchujo. Exeter, iliyomaliza ya pili, ikaifunga Bristol 9–6 na kisha 29–10. Exeter ile ikawa bingwa wa nchi 2017 na wa Ulaya 2020. Ukitaka kumthibitishia mtu kwamba daraja la pili lina maana, mpe mfano huo. Bristol ilirudi kwenye fainali ya mchujo 2015 ikapoteza kwa jumla ya pointi 58 kwa 59 dhidi ya Worcester, mechi ya pili ikiishia 30–30. Ilipanda 2016.

Mchujo ni ukatili wa uwanjani. Wa mezani ni mbaya zaidi. Ili kupanda, bingwa wa daraja la pili alilazimika kutimiza masharti ya uwanja na fedha. Mwaka 2012 London Welsh ilishinda ikakataliwa, ikakata rufaa, ikapandishwa na kwenda kuchezea uwanja wa soka mjini Oxford. Ilishuka, ikapanda tena, na msimu wa 2014/15 ikafungwa mechi zote 22, ikamaliza na pointi 1. Kufikia mwanzoni mwa 2017 ilikuwa imefilisika na kuondolewa ligini. Ealing iliongoza 2021/22 ikanyimwa kupanda kwa sababu uwanja wake haukufikia nafasi za watu 10,001. Jersey, klabu ya kisiwani ambayo kila mechi ya ugenini ni safari ya kuvuka maji kama mtu wa Ukerewe anayekwenda mjini, ilitwaa ubingwa 2023 na kufunga shughuli Septemba mwaka huo huo. Kosa ni lile lile kila mara: klabu inaajiri kikosi cha daraja la kwanza kwa mapato ya daraja la pili, ikitegemea tajiri mmoja. Akichoka, imekwisha.

Mtu wa Mwanza anayetaka kuona raga ya madaraja kwa macho yake, njia ya karibu ni barabara ya Musoma, Sirari, Migori hadi Kisumu. Chini ya Kenya Cup kuna Championship, na chini yake Nationwide. Akifika uwanjani jambo la kwanza litakalomchanganya ni hesabu. Trai moja, yaani kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, ni alama 5, mkwaju unaofuata trai ni alama 2, penalti 3, na mkwaju wa kudondosha, yaani mpira unaodondoshwa na kupigwa mchezo ukiendelea, 3. Kwenye msimamo ushindi ni pointi 4 na sare 2. Juu ya hapo kuna bonasi mbili, mfumo uliosambaa tangu Super 12, mashindano ya timu za kusini mwa dunia, ya mwaka 1996: pointi 1 kwa kufunga trai 4 au zaidi, na pointi 1 kwa kufungwa kwa tofauti isiyozidi alama 7.

Chukua mechi iliyokwisha 27–24. Mshindi alifunga trai 3 zote zikiwa na mkwaju wake, 21, na penalti 2, jumla 27. Aliyefungwa ana trai 4 na mikwaju 2, jumla 24. Mshindi anaondoka na pointi 4. Aliyefungwa anaondoka na 2, nusu ya alichopata mwenzake. Ndiyo maana utaona timu iliyo nyuma kwa alama 10 dakika ya 79 inapewa penalti karibu na nguzo na kuipiga kati badala ya kutafuta trai: alama 3 zinaifikisha tofauti ya 7, na pointi 1 hiyo ndiyo huamua nani anashuka. Katika ligi ya timu 12, nyumbani na ugenini, mtu anaweza kufikisha pointi 110. Baadhi ya ligi zimekaza masharti: Ufaransa bonasi ya trai hutolewa kwa anayempita mpinzani kwa trai 3, na ya kufungwa kwa tofauti ya 5.

Jambo la pili ni safari. Kisumu hadi Nairobi ni takribani kilomita 350, na ukienda Mombasa unapita 800. Timu ya raga ni watu 23 wa kucheza, makocha, na mtu wa huduma ya kwanza. Hapo basi la abiria 30 linajaa. Kwa sababu hiyo ligi za chini hugawanywa kwa kanda kadiri unavyoteremka. Uingereza yenyewe ngazi ya nne imegawanywa tangu 2022 kuwa Kaskazini, Mashariki na Magharibi. Mpangaji anayeilazimisha timu ya daraja la tatu kuzunguka nchi nzima ajiandae kwa mechi za mezani, maana timu zitaacha kusafiri kufikia katikati ya msimu.

Uwanja nao hauazimwi kirahisi kutoka soka. Raga inataka mita 94 hadi 100 kati ya mistari ya trai, upana mita 68 hadi 70, na nyuma ya kila mstari wa trai eneo la mita 6 hadi 22. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 unatosha upana, lakini urefu umepungua kwa mita moja: 94 na 6 na 6 ni 106. Ikiwa kuna nyasi nyuma ya goli, chora mistari upya. Nguzo za raga husimama kwenye mstari wa trai, mita 5.6 kutoka moja hadi nyingine, na mtambaapanya uwe mita 3 juu. Goli la soka lenye upana wa mita 7.32 halisaidii, kulifungia miti juu yake ni kujidanganya, maana hata mahali linaposimama si penyewe.

Kinachoziangusha timu nyingi za chini, hata hivyo, ni watu watatu wa mbele kwenye skramu, pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanapofungamana na kusukumana kugombea mpira: propu wawili na huka katikati. Shingo zao hubeba uzito wa kusukumana kwa makundi hayo mawili, na asiyefundishwa anaweza kuvunjika. Sheria kwa hiyo inadai kikosi cha wachezaji 15 kiwe na 3 waliofundishwa kazi hiyo, cha 16 hadi 18 kiwe na 4, cha 19 hadi 22 kiwe na 5, na cha 23 kiwe na 6. Wakipungua, refa anaamuru skramu zisizo na kusukumana, na timu yenye mbele nzito imenyang'anywa silaha yake. Kocha wa daraja la chini anayepakia basi alfajiri huhesabu hao kwanza. Mawinga hupatikana hata njiani.