Kasuku anayekataa chakula kizuri: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Kasuku akimenya alizeti, kiini anakimeza na ganda linarudi bakulini. Jioni ukitazama, bakuli limejaa, nawe unasema leo hakula kitu. Puliza kidogo juu yake: vyote vinapeperuka. Ni makapi matupu, na ndege ana njaa.

Hilo nililijua kwa kuchelewa. Sefu, kasuku wa kijivu niliyeachiwa na mjomba wangu hapa Mombasa, alikuwa amekula alizeti, karanga na chai ya maziwa kwa zaidi ya miaka kumi. Kibali chake cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kipo, anawajua majirani kwa sauti zao, anapiga hodi kuliko wageni. Lakini manyoya yake yalikuwa yamefifia, na puani alikuwa na mafua yasiyokwisha. Daktari wa mifugo alipomfungua mdomo alinionyesha vidoa vyeupe kwenye kaakaa: upungufu wa vitamini A. Kumbadilisha chakula kulinichukua miezi minane, na katika miezi hiyo nilipewa ushauri mwingi, karibu wote kwa nia njema. Sehemu kubwa haukuwa sahihi, na baadhi yake niliufuata.

"Kasuku ni ndege wa alizeti, ndicho chakula chake cha asili"

Alizeti asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya kwetu Afrika, kuanzia Ghana hadi Kongo na Uganda, na kipande kidogo cha magharibi ya Kenya na kaskazini-magharibi ya Tanzania. Porini anakula matunda, mbegu, kokwa na maua, na anapenda mno nyama ya tunda la mchikichi. Watu wa Kigoma na Kongo wanaijua rangi ile ya mawese inavyoganda vidoleni. Wekundu ule ndio karotini, na mwili wa ndege huigeuza kuwa vitamini A. Tena kasuku wa porini huruka kilomita nyingi kila siku kutafuta riziki. Wa kwetu anatoka kijiti cha juu kwenda cha chini.

Kiini cha alizeti karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Vitamini A haimo kabisa, unaweza kusema, na kalisi, yaani kalsiamu, ni haba huku fosforasi ikiwa tele. Vitamini A ikipungua, ngozi laini ya mdomoni, puani na kwenye njia ya hewa hukakamaa na vijidudu vikapata pa kuingilia. Ndiyo maana mafua ya Sefu hayakuisha kwa dawa peke yake. Kalisi ikishuka, kasuku wa kijivu kuliko wengine hutetemeka, huanguka kutoka kijitini, hata hushikwa na degedege. Mafuta nayo hujaa kwenye ini na kwenye mishipa ya damu. Yote haya huja polepole, na ndege kwa maumbile yake huficha ugonjwa. Mpaka uone amejikunyata huku mkia unapanda na kushuka anapovuta pumzi, hali imekwisha kuwa mbaya.

Karanga ina shaka nyingine, nayo ni kuvu. Sumu ya aflatoksini iligunduliwa kwa sababu ya ndege: mwaka 1960, Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula kilichochanganywa na unga wa karanga zilizoota kuvu. Sisi Kenya tulikuja kuikumbuka mwaka 2004, mahindi yalipoua watu kule Ukambani. Karanga unayoogopa kumpa mtoto, usimpe kasuku.

"Mnyime mbegu, njaa itamfunza adabu"

Hili ndilo lililonitia hofu zaidi baada ya kulielewa, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kulifanya.

Tunamwona kasuku anayekataa karoti kuwa ni jeuri au amedekezwa. Lakini kinda wa kasuku hazaliwi akijua kipi ni chakula. Anajifunza kwa wazazi na kundi lake. Aliyekuzwa kwa alizeti anaijua alizeti tu. Ukimwekea peleti za kahawia, yaani vidonge vya chakula cha kasuku vya kiwandani, kwake hizo ni changarawe. Anaweza kukaa na njaa mbele ya bakuli lililojaa, si kwa ubishi, bali kwa kuwa haoni chakula pale. Kasuku wadogo, kama wale wa kijani wenye shingo ya rangi ya chungwa wanaotoka kaskazini mwa Tanzania, wanaweza kufa wakikosa kula kwa siku moja au mbili. Wakubwa hustahimili zaidi kidogo, lakini aliyenenepa kwa mbegu ini lake tayari limejaa mafuta, na njaa ya ghafla huzidisha mafuta kwenye ini hilohilo.

Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha chochote, nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime kila asubuhi, akishajisaidia na kabla hajala, uandike. Kasuku wa kijivu wengi huwa kati ya gramu 400 na 500 na kitu. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, rudisha chakula alichokizoea na umwone daktari. Kwa ndege wa gramu 450 hiyo ni gramu 45, uzito wa yai dogo tu, na chini ya manyoya huwezi kuliona kwa macho. Angalia na kinyesi pia: kikiwa kichache na cha kijani iliyokolea, ujue hajala chochote, hata kama bakuli limechakurwa.

Kwa Sefu utaratibu ulikuwa huu. Alfajiri, wakati njaa ya usiku bado anayo, aliwekewa mboga na peleti kidogo. Saa tatu asubuhi naziondoa, maana kwa joto la Mombasa chakula kibichi huchacha haraka. Kisha mbegu kijiko kimoja, na jioni kijiko kingine. Baada ya wiki mbili kijiko cha asubuhi kilipungua robo, na haikupungua robo nyingine mpaka mizani ilipotulia. Kuna wiki nilirudi nyuma.

"Amekataa, basi hapendi"

Karoti ya kwanza Sefu aliirusha chini bila kuionja. Niliikwangua, akaikanyaga. Niliichemsha, akaipangusia mdomo. Niliitundika nzima kwenye waya wa tundu, akakaa upande wa pili siku nzima kana kwamba nimemwekea nyoka. Kasuku huogopa kitu kigeni, na woga huo porini humwokoa. Kukataa mara moja, au mara kumi, hakukuambii kitu kuhusu ladha anayoipenda.

Kilichosaidia ni kula mbele yake. Kasuku hula na kundi, na kundi lake ni watu wa nyumbani. Nilihamisha kifungua kinywa changu karibu na tundu, nikawa natafuna karoti na boga, nikisifu kwa sauti, bila kumpa. Siku ya tatu alianza kunyoosha shingo. Wiki ya tano alinipokonya kipande mkononi.

Mengine ni majaribio. Mboga zilizokatwa ndogo kabisa zikichanganywa na mbegu zilizolowa humlazimu kutafuta, na katika kutafuta anaonja. Kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kikiwa vuguvugu hukubalika kuliko kilichopoa. Wengine hupenda majani yaliyolowa maji yaning'inizwe, wapate kuyaogea kwanza. Ulaji huja baadaye. Choroko zilizochipuzwa ni daraja zuri, kwa kuwa bado zinafanana na mbegu, ila zioshwe mara kwa mara zisiote kuvu. Usibadilishe tundu, chumba na chakula kwa wakati mmoja.

"Pilipili itamchoma"

Haimchomi. Kinachotuwasha sisi hakishiki kwenye mishipa ya fahamu ya ndege kama kinavyoshika kwa wanyama wanaonyonyesha. Ndege hula pilipili na kuzisambaza mbegu zake zikiwa nzima. Pilipili nyekundu ina karotini nyingi, na ndiyo iliyokuwa mboga ya kwanza ya Sefu, kabla ya ile karoti ya kunipokonya. Nilimpa kwa kusitasita, akaitafuta tena kesho yake. Kama umekata tamaa, anzia hapo. Nawa mikono tu kabla hujajishika machoni.

"Majani ya kijani ni majani, yote sawa"

Mchicha na spinachi zina oksaleti nyingi zinazoishika kalisi isiingie mwilini. Si sumu, mpe mara mojamoja. Mboga ya kila siku iwe sukuma wiki, ambayo kalisi yake inapatikana. Kalisi nayo haina faida bila vitamini D, kwa hiyo mtoe apate jua la asubuhi, jua lenyewe, si la kupitia kioo cha dirisha, na awe na kivuli cha kukimbilia.

"Matone ya vitamini kwenye maji yanatosha"

Kwenye maji vitamini huharibika upesi, maji hugeuka mahali pa kuzaliana vijidudu, na ndege anaweza kunywa kidogo kwa sababu ladha imebadilika. Tena huwezi kujua amekunywa kiasi gani. Matone yatolewe kwa kipimo cha daktari.

"Ni mmoja wetu, ale tunachokula"

Hapa nazungumza na wanaompenda ndege wao sana, kwa sababu hao ndio wanaokosea hapa. Parachichi lina persini, ambayo inaweza kuua ndege. Usimpe hata kipande. Chokoleti, kahawa na pombe vivyo hivyo. Chai ya maziwa aliyozoea Sefu ilikuwa na kafeini, sukari, na maziwa ambayo tumbo la ndege haliwezi kuyameng'enya vizuri. Chipsi na bajia ni chumvi na mafuta. Vitunguu viache. Maharage mabichi na muhogo mbichi vina sumu, havifai mpaka viive kabisa. Na unapompikia, usitumie kikaango chenye utando wa kuzuia chakula kisishike, kama Teflon: kikiachwa kwenye moto mkali, moshi wake huua ndege katika dakika chache, hata akiwa chumba cha pili.

Vinavyobaki ni vingi na vimo sokoni: boga na majani yake, papai, embe, pilipili hoho nyekundu, kunde zilizochemshwa bila chumvi, mtama uliopikwa. Matunda yasizidi mboga, maana ni sukari.

"Peleti ni ghali, chakula cha kuku ni kilekile"

Si kilekile. Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi ya asilimia kama 4, mara kadhaa ya anayohitaji kasuku, na ziada hiyo huumiza figo. Cha vifaranga mara nyingi kina dawa. Ukiweza kupata peleti za kasuku, ziwe msingi, kama nusu ya chakula au zaidi, na mboga zijaze panapobaki. Usipozipata, mwombe daktari wa mifugo akupangie mseto wa nafaka, kunde na mboga.

"Basi mbegu ni marufuku"

Sefu bado anakula alizeti. Anapata moja kila asubuhi, mkononi mwangu, akishapanda kwenye mizani na kutulia mpaka namba isimame.