Taya la chini likitangulia, usingoje meno ya utoto yaishe

"Tuliambiwa tusubiri meno ya utoto yaishe." Wiki hii ameniambia hivyo mama mmoja kutoka Tukuyu, mwanawe wa miaka 14 ameketi kwenye kiti, meno ya chini yamefunika ya juu. Walianza kuulizia akiwa na miaka 7. Miaka saba wamesubiri, na nimechoka kuisikia kauli hiyo.

Kusubiri kunafaa kwa meno yaliyobanana. Kwa taya, hapana. Kwa mtoto wa miaka 7 au 8, maungio yanayoshikiza taya la juu kwenye mifupa mingine ya uso bado hayajakaza, hivyo mfupa wenyewe huvutika mbele. Akipita miaka 10, nguvu ileile huanza kusogeza meno zaidi kuliko mfupa. Taya la chini nalo halingoji mtu: kwa wavulana huendelea kukua hadi karibu miaka 20.

Kinachoniudhi zaidi ni watu, wakiwemo wenzangu wa meno, kuchanganya matatizo mawili: la meno na la mfupa. Ili kuyatofautisha, namwambia mtoto akunje ulimi, ncha iguse kaakaa huko nyuma, kisha afunge mdomo polepole. Wapo ambao meno ya mbele hukutana ncha kwa ncha, halafu taya huteleza mbele ili magego yapate kuumana. Huyo taya lake mara nyingi halina kasoro kubwa. Linakimbia meno yaliyokaa vibaya. Kibao chenye springi za kusukuma meno ya juu kinaweza kumaliza tatizo lake kwa miezi michache. Lakini akiachwa, meno hulika na fizi za meno ya chini hushuka. Asiyeteleza, akafunga moja kwa moja meno ya chini yakiwa mbele, huyo shida yake iko kwenye mfupa.

Wa mfupa namvalisha kifaa cha usoni: kinaegemea paji la uso na kidevu, na mipira inavuta taya la juu kwa mbele. Saa 12 hadi 14 kwa siku, usiku wote ukiwemo. Mama mmoja wa Uyole alishona kitambaa cha pamba kwenye pedi ya kidevu, maana baridi ya Juni ilikuwa inampasua mtoto ngozi. Mtoto akavaa bila kukosa.

Na wazazi nawaeleza wazi: kifaa hiki si dhamana. Uingereza walifuatilia watoto walioanza wakiwa na miaka 7 hadi 9. Baada ya miaka sita, asilimia 36 ya waliotibiwa walionekana watahitaji upasuaji, dhidi ya asilimia 66 ya wasiotibiwa. Hakuna kipimo kinachoniambia kwa uhakika leo kama huyu niliye naye atakuwa upande gani. Nimewahi kurekebisha vizuri, taya likatangulia tena mtoto alipobalehe, na iliniuma.

"Ni ya ukoo, daktari, hata babu yake yuko hivyo." Basi ndiyo sababu ya kumleta mapema.

Kijana wa Tukuyu tutampima kila mwaka mpaka ukuaji usimame, ndipo tuzungumzie waya na upasuaji. Mdogo wake wa kike, miaka 7, alikuwa benchi la mlangoni anamenya ndizi. Nikamwita, nikamwambia akunje ulimi, afunge polepole. Hakuteleza. Jumatatu anarudi kwa picha ya eksirei.