Mbawakawa wa ambrosia: mdudu anayelima kuvu ndani ya mti

Mbawakawa wa ambrosia hali mbao. Hilo ndilo la kwanza kulijua, kwa sababu ukiona matundu kwenye shina na unga wa mbao umemwagika chini, haraka utadhani mti unaliwa. Mdudu huyu hutoboa ili apate shamba. Jike huja na spora (mbegu) za kuvu katika vifuko vidogo vilivyo mwilini mwake, akachimba njia ndani ya mti na kuzipanda kwenye kuta zake. Kuvu ikiota, ndiyo chakula chake na cha wanawe.

Kinachoua mti ni hiyo kuvu. Huenea kwenye mirija inayopandisha maji, ikaiziba, na matawi yakaanza kunyauka kutoka juu kana kwamba kuna ukame.

Mfano ulio karibu nasi ni Euwallacea fornicatus, mwenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, na kuvu yake Fusarium euwallaceae. Nchini Afrika Kusini aligunduliwa mwaka 2017 katika bustani ya mimea ya taifa mjini Pietermaritzburg, kisha akaonekana Johannesburg, George na Knysna. Jike lina urefu wa milimita 2 hivi, na tundu lake ni dogo kama ncha ya kalamu ya wino. Dume haliruki, huzaliwa, hupandana na dada zake na hufia humo humo ndani. Kwa hiyo jike likitoka nje tayari lina mimba. Hata lile ambalo halijapandwa hutaga mayai ya madume, kisha likapandana na mwanawe. Jike moja tu, ndani ya gogo moja la kuni kwenye buti la gari, linatosha kuanzisha kizazi kizima mji mwingine.

Si kila mti unaotobolewa hufa. Kwenye miti mingi mdudu hujaribu tu, asiweze kuzaliana. Iliyo hatarini ni miti ile inayomlea: mwaloni wa Kiingereza, mbarika, mparachichi. Wakulima wa Murang'a na Njombe wanapaswa kuijua dalili yake kwenye mparachichi: unga mweupe wa sukari unaoganda kuzunguka tundu.

Dawa ya kupuliza haifiki alipo, kwani maisha yake karibu yote yamo ndani ya mbao. Mti uliojaa wadudu hukatwa, ukasagwa vipande vidogo papo hapo au ukachomwa. Kuuza magogo yake ni kumsafirisha. Huko Perth, Australia, alikogunduliwa mwaka 2021, waliweka karantini na kukata maelfu ya miti, lakini mwaka 2025 mamlaka zilikiri kwamba kumtokomeza hakuwezekani tena, na kazi ikawa kumzuia asienee.