Hifadhi si akiba, wala si nyika

Juma lililopita nilikuwa nimekaa na wenzangu kwenye baraza moja huko Kibokoni, Mombasa, kahawa chungu ikizunguka pamoja na kashata zake, redio ya muuza kahawa ilipotangaza kwamba Marekani inataka kuchimba mafuta katika "nyika ya Alaska". Mzee aliyekuwa kando yangu aliweka kikombe chini, akasema, "Kama ni nyika, nawachimbe. Nyikani kuna nani?" Watu wakacheka, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga. Mzee hakukosea, kwani alilijibu sawasawa neno alilopewa na mtangazaji. Ila nimechoka kulisikia neno hilo likitumiwa hivyo, sawa na nilivyochoka kusoma "hifadhi ya mafuta" katika sentensi moja na "akiba ya wanyama", kana kwamba maneno haya yote ni mamoja na mwandishi huchukua lililo karibu na mkono.

Maana yenyewe ni fupi. Hifadhi ni eneo la nchi kavu au la maji ambalo sheria imelichorea mipaka na kuliwekea masharti ya kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa ndani yake, kwa kusudi la kulinda viumbe, mandhari au urithi wa watu. Maana hiyo haidai kwamba eneo ni tupu, wala kwamba kila shughuli imekatazwa. Wakazi wa Mombasa tuna mfano wake mbele ya macho yetu, kuanzia Nyali hadi Bamburi, ambako bahari ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986 kwa madaraja mawili: kipande cha kilomita za mraba 10 ambamo hakuvuliwi chochote, na kipande cha takriban kilomita za mraba 200 ambamo uvuvi wa zana za jadi unaruhusiwa. Niliwahi kumuuliza mvuvi aliyekuwa akipakia madema yake kwenye dau kama haogopi kukamatwa, kwa kuwa hapa ni hifadhi. Alinitazama kwa huruma, kisha akanyosha mkono: "Hapa ni riziva, mwanangu. Paki ni kule kwenye maboya." Maji yalikuwa yaleyale, na samaki bila shaka hawakujua tofauti, lakini yeye aliijua kwa sababu ndiyo iliyobeba riziki yake.

Sasa tuje kwenye hifadhi na akiba, mahali ambapo uvumilivu wangu hupungua. Maneno yote mawili yametufikia kutoka Kiarabu, lakini kwa njia tofauti. Mzizi wa hifadhi ni uleule wa hafidhi, mtu aliyeihifadhi Kurani moyoni, na ndio uleule wa dua tunayoiomba kila siku kwamba Mungu atuhifadhi. Kinachohifadhiwa kwa maana hii hukusudiwa kubaki kama kilivyo. Hafidhi hapunguzi aya kwa kuzisoma. Akiba imetoka kwenye mzizi wa kinachofuata nyuma, yaani mwisho au matokeo ya jambo, na kwetu ni kile kinachowekwa leo ili kitumiwe kesho. Bibi aliyeficha shilingi kwenye pembe ya leso ameweka akiba, na siku atakapoifungua leso ile hakuna atakayemlaumu kwamba ameivunja hifadhi. Akiba ambayo haitarajiwi kutumiwa kamwe si akiba. Ndugu zetu wa Tanzania wana "mapori ya akiba", na wao wana haki ya jina hilo, kwa sababu katika mapori hayo uwindaji wa kibali huruhusiwa, tofauti na hifadhi zao za taifa. Hapo lugha imefanya kazi yake vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kiingereza hutumia neno moja, "reserve", kwa mambo hayo mawili, na mwandishi wetu anapotafsiri kwa haraka huutumbukia mtego huo. Katika Alaska tofauti hiyo si ya kamusi tu, imechorwa ardhini. Upande wa magharibi wa pwani ya kaskazini kuna eneo la takriban ekari milioni 23 lililotengwa mwaka 1923, wakati wa Rais Warren Harding, ili jeshi la majini la Marekani liwe na mafuta ya meli zake siku za dhiki. Hiyo ni akiba kwa maana kamili, iliyowekwa ili ichimbwe. Upande wa mashariki, hadi mpaka wa Kanada, kuna eneo jingine lililotengwa mwaka 1960 kwa ajili ya wanyamapori, likapanuliwa mwaka 1980 kwa sheria iliyotiwa saini na Jimmy Carter hadi kufikia takriban ekari milioni 19, zaidi ya mara tatu ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zikiunganishwa. Hiyo ni hifadhi, ndiyo Hifadhi ya Wanyamapori ya Aktiki. Katikati yao iko ardhi ya jimbo penye uwanja mkuu wa mafuta wa Prudhoe Bay, uliogunduliwa mwaka 1968, ambao mafuta yake husafiri kwa bomba hadi bandari ya Valdez tangu mwaka 1977. Mradi wa kuchimba mafuta uitwao Willow ulipoidhinishwa mwezi Machi 2023, nilisoma kwa Kiswahili safi kabisa kwamba Marekani imeruhusu uchimbaji ndani ya hifadhi ya wanyama ya Aktiki. Willow uko upande wa magharibi, ndani ya akiba. Mtu anaweza kuupinga mradi huo kwa hoja nzito, na wengi waliupinga, lakini asiupeleke upande usio wake.

Mgogoro wa hifadhi yenyewe ni mwingine, nao unahusu uwanda wa pwani wa takriban ekari milioni 1.5. Sheria ya 1980 ilikataza uchimbaji humo mpaka Bunge la Marekani litakapoamua vinginevyo. Bunge lilijaribu mwaka 1995 kwa kupitisha sheria ya kuuruhusu, na Rais Clinton akaikataa. Likafaulu Desemba 2017, uamuzi huo ukiwa umepachikwa ndani ya sheria ya kodi. Mnada wa kwanza wa Januari 2021 ulisusiwa na makampuni makubwa, na wa Januari 2025 haukupata mnunuzi hata mmoja. Hapa pia neno akiba hujipenyeza isivyofaa, kwani tunaambiwa uwanda huo una "akiba ya mapipa bilioni 10". Wataalamu wa jiolojia wa serikali ya Marekani walikadiria mwaka 1998 kwamba huenda yako mapipa kati ya bilioni 5.7 na bilioni 16 yanayoweza kutolewa kwa mitambo iliyopo, wastani ukiwa bilioni 10.4. Hayo ni makadirio ya kitu kisichogunduliwa. Kisima kimoja tu cha utafutaji ndicho kilichowahi kuchimbwa katika eneo hilo, katikati ya miaka ya 1980, na matokeo yake yalifanywa siri. Hata mvuvi wangu wa Bamburi hawezi kuita akiba samaki ambao dema bado halijawagusa.

Limebaki neno nyika, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hili ni neno la nyumbani na lina jeraha. Kwa mtu wa mjini Mombasa wa zamani, nyika ilikuwa kila kitu kilichoanza baada ya minazi kwisha: vichaka vya miba, udongo mwekundu, ukame wa Taru ambako misafara ilihesabu vibuyu vya maji. Kutoka hapo ikawa rahisi kuwaita majirani zetu Wanyika, yaani watu wa porini, na wamishonari Krapf na Rebmann, waliojenga kituo chao Rabai mwaka 1846, wakalichukua jina hilo kama walivyolisikia na kuliandika "Wanika" mbele ya ulimwengu. Waliobandikwa jina hilo hawakulipenda. Ndiyo maana tangu miaka ya 1940 tunasema Mijikenda, miji tisa, jina ambalo kila silabi yake inajibu tusi lile: penye miji hapawezi kuwa nyika. Na miji hiyo, yaani makaya, ndiyo misitu ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008. Ukienda Kaya Kinondo utafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na utaambiwa usitoke hata na jani. Msitu ule umesimama kwa sababu watu waliishi humo, wakazika humo na wakaweka miiko. Huwezi kupata hifadhi kongwe kuliko ile katika pwani yetu, wala mahali pasipofaa zaidi kuitwa nyika.

Alaska nako kuna watu. Waiñupiat wa kijiji cha Kaktovik, wasiofika 300, wanaishi ukingoni mwa uwanda huo wa pwani, na viongozi wao wengi wanataka uchimbaji kwa sababu ya mapato yake. Wagwich'in, walio kusini zaidi, wanaupinga kwa nguvu, kwa kuwa uwandani humo ndimo mnyama wao caribou, jamii ya kulungu wa nchi za baridi, huzalia kila mwaka (nisamehewe tahajia hii ya kigeni, kwani nikimwandika kwa tahajia yetu atasomeka kama salamu ya mgeni), nao hupaita mahali patakatifu ambapo uhai huanzia. Jamii hizi mbili hazikubaliani, na kutokubaliana kwao ndiko kiini cha mjadala. Neno nyika linawafuta wote wawili kwa pigo moja, kisha linamwachia mzee wa Kibokoni swali la "kuna nani?"

Najua mtangazaji alikuwa akitafsiri neno la Kiingereza la "wilderness", na kwamba kamusi inamruhusu. Lakini katika sheria ya Marekani ya mwaka 1964 neno hilo ni daraja la kisheria linalotolewa na Bunge, na sheria hiyo ililieleza kwa sifa ya "untrammeled", yenye asili katika jina la wavu wa kuvulia wa matabaka matatu: ardhi ambayo mwanadamu hajaitia wavuni. Wasemaji wa Kiingereza wenyewe huisoma vibaya sifa hiyo, wakadhani inasema "untrampled", ardhi isiyokanyagwa. Miguu inaruhusiwa, kinachokatazwa ni kuifunga ardhi hiyo kwa barabara na mitambo. Zaidi ya hayo, daraja hilo lilipewa takriban ekari milioni 8 za hifadhi ile, na uwanda wa pwani unaogombewa haukuwemo.

Jioni iliyofuata nilimweleza mzee sehemu tu ya haya, kwa adabu, kwa kuwa kahawa ilikuwa yake. Alisikiliza, akauliza hao wanyama wanazaa mwezi gani, nikamwambia aghalabu ni mwezi wa Juni. Na mtangazaji, kama atapita hapa, namwomba mara nyingine aseme "uwanda wa pwani ulio ndani ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Aktiki". Ni maneno mengi kuliko "nyika ya Alaska", lakini yanatamkika kwa pumzi moja, nimeyajaribu mwenyewe.