Picha za kale za Mji wa Unguja: yasemwayo magrupuni na yanayoonekana pichani

Kila ikikaribia Januari simu yangu hupokea picha ileile. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kifalme mbele ya bahari, picha ya rangi ya kahawia, pembe zimefifia, na chini yake mtu ameandika: "Zanzibar mwaka 1860." Nami hujibu kwa sentensi moja tu, kwamba jumba hilo Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alilijenga 1883. Watu huweka vidole gumba, mada inapita. Wiki ya pili inarudi kutoka grupu jingine, safari hii imeandikwa 1850.

Mimi si mwanahistoria. Nina boksi la viatu lenye postikadi za Unguja zisizofika sitini, nilizookota minadani na kwa wazee waliokuwa wakihama nyumba. Lakini ukishika vitu hivi kwa muda mrefu unaanza kuona kwamba picha yenyewe mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwenye maandishi yaliyobandikwa chini yake.

"Mwaka umeandikwa, basi ndio huo"

Hili ndilo kubwa kuliko yote, nami nitakaa hapa kidogo.

Mji wa Unguja una bahati: sura yake ya baharini imebadilika mara kadhaa, na tarehe za mabadiliko zinajulikana. Anza na mnara. Barghash alikuwa na mnara wa taa na saa uliosimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, karibu na maji. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zikaupiga mji kwa muda usiofika saa moja, mnara ukaharibika, na jumba la jirani, Beit al-Hukm, likabomoka. Mnara mpya wa saa ulijengwa 1897, safari hii ukashikamana na uso wa Beit al-Ajaib yenyewe. Kwa hiyo ukiona mnara umesimama kando, picha ni ya kabla ya mizinga. Ukiuona umeungana na jumba, ni baada yake. Na ukiona jumba lenye jeraha kubwa mbele, mnara haupo, hiyo si ya 1896 hata ikitiwa rangi ya kahawia: sehemu ile iliporomoka Desemba 25, 2020. Nimeshaona picha ya simu ya mwaka huo ikisambazwa kama "athari za vita vya Sayyid Khalid", yaani vile vya 1896, Khalid alipojitwalia kiti cha Sultani. Katika vita vile Beit al-Ajaib ilisalimika, na majirani zake ndio walioumia.

Kisha tazama majini. Siku ileile ya mizinga ilizamishwa Glasgow, meli ya Sultani, lakini bahari pale si ya kina. Milingoti yake mitatu ikabaki imechomoza juu ya maji, na ikakaa hivyo miaka mingi hadi mabaki yalipoondolewa 1912. Hakuna kalenda nzuri kuliko hiyo. Milingoti ikiwepo, umeshapata miaka kumi na sita tu ya kukisia.

Sasa chukua kadi moja kutoka boksi langu. Ni mandhari ya mji kutoka baharini. Mnara umeungana na jumba, milingoti ya Glasgow iko upande wa mbele kama miiba. Nyuma ya kadi hakuna mstari wa kuigawa mara mbili, ni nafasi ya anwani peke yake, kwa sababu zamani posta hazikuruhusu barua na anwani kukaa upande mmoja. Uingereza ilianza kuruhusu 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Mwandishi wangu, masikini, amejibana kuandika salamu kwenye ukingo mweupe chini ya picha, herufi ndogo kama chawa. Stempu ina sura ya Sultani Hamoud na thamani yake ni ya anna (sarafu ya wakati ule), si senti, maana senti zilikuja 1908. Muhuri wa posta unasema 1903. Sultani Hamoud alikuwa ameshafariki tangu Julai 1902, lakini stempu zake zilikuwa bado zinabeba barua. Basi picha hii ilipigwa kati ya 1897 na 1903, na sikuhitaji maelezo ya mtu yeyote kulijua hilo.

Tahadhari moja. Muhuri unakuambia kadi ilitumwa lini. Haukuambii picha ilipigwa lini. Studio zilihifadhi negativu za vioo, yaani vioo vyenye picha ya kwanza, na kuzichapa tena na tena, hata miaka kumi au zaidi baadaye.

Ipo na hila ya picha iliyogeuzwa, kushoto ikawa kulia, kwa sababu kioo kiliwekwa upande usio wake wakati wa kuchapa. Mtu aliyezaliwa mjini hadanganyiki kwa hili: ukiwa baharini unautazama mji, Ngome Kongwe iko kulia kwa Beit al-Ajaib. Ikiwa kushoto, geuza.

"Picha hizi zote zilipigwa na Wazungu"

Watu husoma jina chini ya kadi, Gomes, Coutinho, Pereira de Lord, wakasema: Wareno. Hapana. Hawa ni Wagoa. Goa ilikuwa chini ya Ureno kwa karne nyingi, watu wake Wakatoliki wakachukua majina ya Kireno, kisha wakavuka bahari kuja Unguja wakawa mafundi cherehani, makarani, wapishi, na wapiga picha. A. C. Gomes alikuwa ameshafungua studio hapa miaka ya 1860 ikielekea mwisho, na biashara ikarithiwa na mwanawe. Coutinho aliwahi kushirikiana naye kabla ya kujitegemea. Sehemu kubwa ya sura ya Unguja ambayo dunia inaijua imetoka kwenye vyumba vyao vya giza vya kusafishia picha.

Wazungu walikuwepo, bila shaka, tena mapema. Nahodha Mfaransa Guillain alikuja na mtambo wa picha miaka ya 1840, na James Grant alipiga picha hapa 1860 kabla ya kuondoka na mvumbuzi Mwingereza Speke kwenda bara. Lakini hao walikuwa wapita njia. Wagoa walikuwa watu wa mtaani, wenye duka na wateja, na miongoni mwa wateja wao walikuwa wa nyumba ya kifalme.

"Rangi zile ni za wakati ule"

Kadi nyingi za rangi za kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia zilichapwa Ujerumani. Mpiga picha wa Unguja alituma picha nyeusi na nyeupe, na fundi wa Saksonia ambaye hajawahi kuona mnazi akaamua mbingu iwe ya waridi na buibui la bibi liwe la kijani. Ndiyo maana utakuta kadi mbili za picha moja, kanzu ya mzee mmoja nyeupe huku, manjano kule. Mtu asije akaniandikia makala ya mavazi kwa kutumia kadi za rangi.

Kitu kimoja tu unaweza kukikagua: bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu hadi Desemba 1963. Fundi akiipaka rangi nyingine, amekisia.

"Huyu ni mwanamke wa Kiswahili wa kawaida"

Hapa huwa nakasirika kidogo. Kadi za wanawake ndizo zilizouzwa sana kwa mabaharia na wasafiri, na maelezo yake yalibadilishwa kwa matakwa ya muuzaji. Bibi yuleyule, mkao uleule, pazia lilelile la studio lenye nguzo za kuchora: kadi hii inamwita Mswahili, ile inamwita Mwarabu, ya tatu inamwita mrembo wa Kiafrika. Wengine walikuwa wamekuja studio wenyewe, na pesa zao mkononi, ili wapate picha ya kutuma kwa jamaa. Negativu ikabaki kwa mpiga picha, na sura zao zikaenda Marseille na Hamburg bila wao kujua.

Kwa hiyo usisome jina, soma nguo. Suruali ya marinda, kanga iliyofungwa kifuani, barakoa usoni, ukaya kichwani, kila kimoja kilikuwa na maana mjini, na baada ya utumwa kukomeshwa kisheria 1897 wanawake wengi walibadilisha mavazi kwa makusudi, kujionyesha kwamba wao ni waungwana. Anayevaa kanga mbili mpya za pea moja mbele ya kamera anasema jambo. Bibi zetu wangelielewa mara moja.

"Hii ndiyo picha ya soko la watumwa"

Soko la Mkunazini lilifungwa Juni 1873, na kanisa likajengwa mahali pake. Picha nyingi zinazozunguka kwa jina la soko hilo ni vitu vingine. Baadhi ni michoro ya magazeti ya Ulaya. Baadhi ni sanamu za zege zilizo pale kanisani, zilizowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990, zikapigwa na mtalii na kugeuzwa nyeusi na nyeupe. Na nyingi, watu waliofungwa minyororo shingoni kwa mstari, ni wafungwa wa serikali za kikoloni. Wajerumani waliuza kadi hizo waziwazi kule Dar es Salaam, chini zimeandikwa "Kettengefangene", yaani wafungwa wa minyororo. Mtu akikata ukingo wa chini, neno linapotea, na mateso ya mkoloni yanahamishiwa kwa mwingine.

Hii haina maana utumwa haukupigwa picha. Mwaka 1868 walipigwa picha watu waliotolewa majahazini na kupandishwa manowari ya Kiingereza Daphne: wamekonda, watoto kwa wakubwa, wamekaa sitahani. Hizo ni za kweli, na hazihitaji kuongezewa chumvi.

Madogo madogo

Treni katikati ya uchochoro, watu wamejibanza milangoni? Si Bombay. Ni reli ya Bububu, kama maili saba kutoka Forodhani, iliyojengwa na kampuni ya Wamarekani na kuanza 1905. Motokaa ziliiua miaka ya 1920. Bustani ya Forodhani nayo ni ya 1936, wakati wa jubilei ya Sayyid Khalifa, Sultani wa siku hizo, kwa hiyo picha yenye mabanda na mizigo mahali pale ni ya kabla yake, siku ambazo forodha ilikuwa forodha kweli.

Mitaa mitupu haimaanishi mji ulikuwa na watu wachache. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vya giza, kioo kilihitaji sekunde kadhaa za mwanga, na anayetembea hakuacha alama, au aliacha ukungu tu. Chunguza ukutani utaona miguu isiyo na mwenyewe.

Na "orijino" unayouziwa dukani kwa dola ishirini: iombe kwa dakika moja uiweke chini ya ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi za zamani hubaki hafifu. Zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 aghalabu zina dawa ya kung'arisha, nazo huwaka buluu kama shati jeupe disko. Muuzaji wangu mmoja alicheka, akaniteremshia bei hadi elfu tano.

"Kadi zinaonyesha mji wote"

Zinaonyesha kile kinachoonekana kutoka melini na umbali wa kutembea kutoka hotelini. Upande wa pili wa Pwani Ndogo, mkono wa bahari uliougawa mji, kabla maji yale hayajafukiwa, ilikuwapo Ng'ambo, na huko ndiko walikoishi watu wengi wa mji huu. Kwenye boksi langu Ng'ambo ina kadi mbili. Zote zimeandikwa "vibanda vya wenyeji", hakuna jina la mtaa, hakuna jina la mtu.

Watu wa Ng'ambo walikwenda wenyewe kupigwa picha baadaye, kwenye studio kama Capital Art iliyofunguliwa 1930, na picha hizo hazikuwa za kuuziwa mabaharia. Ziko makabatini. Jirani yangu wa Kikwajuni alinionyesha moja mwaka jana, imefungwa ndani ya kitambaa cha leso: wasichana watatu, viatu vipya, mmoja amefumba macho. Nyuma, kwa penseli, kuna majina yao yote matatu na neno "Idi". Nilimwuliza kama naweza kuipiga kwa simu niiweke kwenye grupu. Akaifunga tena leso, akairudisha kabatini, akaniuliza kama nakunywa chai ya maziwa au ya rangi.