Vidonge vya majira kama tiba ya chunusi

Androjeni ni homoni ambazo mwanamke naye anazo, kwa kiasi kidogo. Huzichochea tezi za ngozi zitoe mafuta. Mafuta yakikutana na seli zilizokufa huziba vinyweleo, bakteria huzaliana humo na uvimbe hufuata. Kidonge cha majira chenye homoni mbili, estrojeni na projestini, hupunguza androjeni zinazotoka kwenye ovari. Estrojeni yake pia hulifanya ini litoe zaidi protini inayoishika testosteroni kwenye damu, hivyo inayoifikia ngozi hupungua.

Sindano ya miezi mitatu, vijiti vya mkononi na kitanzi chenye homoni havina estrojeni. Kwa baadhi ya wanawake ndivyo vinavyoleta chunusi au kuzizidisha. Vidonge vya mama anayenyonyesha navyo ni hivyo hivyo, kwa hiyo ukiingia duka la dawa jirani na Soko la Majengo, Dodoma, ukaomba "vidonge vya majira" tu, unaweza kutoka na visivyokusaidia.

Wanaonufaika zaidi ni wanawake ambao chunusi zao hukaa kwenye taya na kidevu na huchachamaa hedhi ikikaribia. Hedhi ikiwa inaruka na ndevu zinaota, ovari zichunguzwe kwanza. Chunusi za mkorogo wenye steroidi ni jambo jingine kabisa: dawa yake ni kuacha mkorogo, na zinaweza kuongezeka kwa muda kabla ya kupungua.

Pakiti ya kawaida ina vidonge 28: 21 vya homoni, mara nyingi kila kimoja kikiwa na mikrogramu 30 za ethinilestradioli (estrojeni) na 150 za levonorgestreli (projestini), na 7 visivyo na homoni. Kimoja kila siku, saa ile ile. Nafuu huonekana baada ya miezi 3, wakati mwingine 6. Wengi hukata tamaa mwezi wa pili, na inasikitisha kwa sababu ngozi ilikuwa bado haijapata nafasi. Jeli ya chunusi ya benzoili peroksaidi iendelee kupakwa. Madoa meusi kidonge hakiyafuti, na estrojeni inaweza kuleta mabaka ya kahawia yanayokolezwa na jua. Kwa jua la Dodoma, mtandio mpana au kofia ni lazima.

Presha ipimwe kabla ya kuanza. Kidonge hakiwafai wenye 140/90 au zaidi, wenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, waliowahi kuganda damu mguuni au mapafuni, wenye saratani ya matiti, wavutaji sigara wa miaka 35 na kuendelea, na wanaonyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6. Rifampisini ya kifua kikuu na karbamazepini ya kifafa hufanya homoni hizi zivunjwe haraka mwilini, na mimba inaweza kuingia.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla na pumzi kukata, acha vidonge, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie unachotumia.